Taa Zitiazo Macho Kiwi

Msomaji, taa ni rafiki wa mwanadamu. Tangu siku ile mtu alipojua kutia utambi katika mafuta, giza lilipoteza nusu ya ufalme wake. Mtoto aliweza kusoma baada ya magharibi, mwuguzi alimwona mgonjwa wake, na msafiri aliiona njia. Lakini rafiki naye hana budi kujua mahali pake pa kukaa. Taa iliyowekwa vibaya hugeuka ikawa adui wa jicho lile lile ambalo iliwashwa ili ilisaidie. Katika insha hii nataka tuifuate historia ya taa za barabarani katika miji mikubwa, tuone jinsi watu walivyoitafuta nuru kwa gharama na juhudi, na jinsi walivyopata kiwi, tena si mara moja, mahali pa nuru.

Kwanza tulielewe neno lenyewe. Kiwi cha macho ni ile hali ya kushindwa kuona kwa sababu ya mwanga ulio mkali kupita kiasi. Wengi hudhani kwamba kuona kwataka mwanga mwingi, basi. Sivyo. Jicho lina mboni, nayo ni mlango wa nuru: gizani hupanuka, penye mwanga hujifinya. Mtu atokaye katika chumba chenye taa akaingia gizani huhitaji kiasi cha nusu saa kabla macho yake hayajazoea kabisa. Mwanga mkali ukimpiga usoni, mambo mawili hutukia. Mboni hujifinya kwa ghafula. Tena sehemu ya mwanga hutawanyika ndani ya jicho, ikawa kama utaji mweupe uliotandazwa mbele ya kila kitu. Wazee huumia zaidi, maana lenzi ya jicho hupoteza usafi wake kadiri miaka inavyopita. Kijana wa miaka 16 aweza kupita chini ya taa kali asione taabu kubwa. Babu yake akipita hapo hapo, huenda asilione shimo lililo mbele ya miguu yake.

Ukitaka kuhakikisha neno hili, huhitaji chombo chochote ila mkono wako. Usiku simama mbali kidogo na taa ya barabarani, uinue kiganja uikinge taa peke yake, usiikinge barabara. Ikiwa sasa waiona barabara vizuri kuliko kwanza, basi jua kwamba taa hiyo ina kasoro. Inakupa nuru kwa mkono mmoja na kukunyang'anya kwa mkono wa pili. Ama taa iliyotengenezwa kwa akili, hata ukiikinga hutaona tofauti kubwa, kwa sababu mwanga wake ulikuwa tayari umekwenda chini barabarani, haukuja machoni pako.

Sasa twende katika historia. Katika miji ya Ulaya ya zamani, usiku ulikuwa wakati wa milango kufungwa. Aliyelazimika kutoka alichukua taa yake mwenyewe, au alimwajiri mtu wa kumtangulia na mwenge. Mwaka wa 1667, katika enzi ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, Nicolas de La Reynie alipewa kazi ya kuusimamia usalama wa mji wa Paris. Miongoni mwa mambo aliyoyafanya ni kuamuru fanusi zenye mishumaa zitundikwe kwa kamba juu ya barabara, ziwake katika miezi ya baridi. Medali iligongwa kuadhimisha jambo hilo, nayo ilisifu usalama na mng'aro wa mji. Yaangalie maneno hayo mawili, msomaji. Usalama ni kitu kimoja, na mng'aro ni kingine. Watawala waliviweka pamoja kana kwamba ni pacha wasioachana, na kosa hilo limerithiwa na miji mingi mpaka leo.

Mshumaa haukuwa na nguvu za kumtia mtu kiwi. Katika miaka ya 1760 mishumaa ya Paris ilianza kuondolewa, mahali pake zikawekwa taa za mafuta zenye vioo vya kurudisha mwanga, ili nuru isipotee bure. Hapo ndipo mwanadamu alipoanza kujifunza kuuelekeza mwanga wa barabarani. Fikira hiyo ilikuwa njema. Lakini kioo kinachoweza kuutuma mwanga chini barabarani chaweza pia kuutuma usoni kwa mpita njia. Akili ya fundi ndiyo iamuayo.

Baadaye ilikuja gesi. Mwezi wa Januari mwaka 1807, Mjerumani aitwaye Frederick Albert Winsor aliwasha taa za gesi katika barabara ya Pall Mall mjini London, watu wakakusanyika kutazama. Mwaka wa 1812 kampuni ya gesi ilipewa hati yake, na usiku wa mwisho wa mwaka 1813 daraja la Westminster liliangazwa kwa gesi. Katika miaka iliyofuata miji mingi ya Ulaya na Marekani iliifuata London. Gesi ilitoa mwanga wa rangi ya manjano, laini, usiokwenda mbali. Kila jioni walipita watu wa kuwasha, na kila alfajiri wa kuzima. Watu walioishi chini ya taa hizo waliziona kuwa kali mwanzoni, kisha wakazizoea, na mwishoni wakazipenda. Hawakujua kwamba kulikuwa na mwanga mwingine njiani, uliozidi gesi kama jua linavyoizidi nyota.

Mwanga huo ulikuwa wa stima. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwingereza Humphry Davy alikuwa ameonyesha kwamba, nguvu za umeme zikiruka kati ya ncha mbili za makaa, hutokea mwanga mkali ajabu. Kwa miaka mingi jambo hilo lilibaki katika vyumba vya wataalamu, kwa kuwa hapakuwa na mashine nzuri za kuzalisha umeme. Mwaka wa 1878, Mrusi Pavel Yablochkov aliziwasha taa zake katika Avenue de l'Opéra mjini Paris, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Tufe za vioo vyeupe kama maziwa zilizizunguka taa hizo ili kuupunguza ukali wake, na vioo hivyo vilikula sehemu kubwa ya mwanga. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo taa za namna hiyo ziliwashwa London, kando ya mto Thames.

Si wote waliofurahi. Mwandishi Robert Louis Stevenson aliandika insha ya kuzitetea taa za gesi, nayo imo katika kitabu chake Virginibus Puerisque cha mwaka 1881. Aliuona mwanga mpya kuwa wa kutisha, usiomfaa mtu apitaye kwa miguu usiku. Mtu aweza kumcheka akisema kwamba alipinga maendeleo. Lakini tukipima haki kwa mizani iliyo sawa, tutaona kwamba alikuwa na hoja. Hakusema watu warudi gizani. Hoja yake yatukumbusha kwamba mwanga wa mjini huwashwa kwa ajili ya macho ya watu, na usiopatana na macho hayo una kasoro, hata ukiwa wa ajabu namna gani.

Huko Marekani Charles Brush aliziwasha taa zake 12 katika uwanja wa katikati ya mji wa Cleveland, tarehe 29 Aprili 1879. Inasimuliwa kwamba baadhi ya watazamaji walikuja na vipande vya vioo vilivyotiwa moshi ili kuyakinga macho yao, kama watu waendao kutazama kupatwa kwa jua. Fikiri jambo hilo. Mji unawasha taa ili watu waone, na watu wanakuja na vioo vya giza ili wasiumizwe na taa hizo!

Mafundi waliitambua shida. Mwanga wa makaa ulikuwa mkali mno kuwekwa karibu na kichwa cha mtu, wala haukuweza kupunguzwa kwa urahisi. Wengine wakasema, na tuuinue juu, mbali na macho. Ndipo ilipozaliwa minara ya taa. Mwaka wa 1881, katika mji wa San José huko California, ulisimamishwa mnara wa chuma wenye urefu wa futi 237, yaani kiasi cha mita 72, taa zikiwa kileleni. Tumaini lilikuwa kwamba mnara mmoja utaangaza katikati yote ya mji kama mwezi. Haikuwa hivyo. Kilele kiling'aa kikaonekana kutoka mbali sana, lakini barabara zenyewe hazikupata nuru ya kutosha. Mnara huo ukabaki kuwa fahari ya mji kuliko kuwa taa, hata tufani ilipouangusha mwezi wa Desemba mwaka 1915.

Mji wa Detroit ulijaribu jambo hilo kwa ukubwa zaidi: ulisimamisha minara zaidi ya mia moja. Mji wa Austin, katika jimbo la Texas, ulisimamisha 31 katika miaka ya 1894 na 1895, kila mmoja ukiwa na urefu wa futi 165. Baadhi ya ile ya Austin ingali imesimama, na hutunzwa kama kumbukumbu. Lakini kwa jumla minara ilishindwa. Nyumba ndefu na miti yenye majani mengi ilitupa vivuli vyeusi, na kivuli kilicho kando ya mwanga mkali huonekana cheusi zaidi kuliko giza la kawaida. Miji ikarudia nguzo fupi nyingi, zenye taa ndogo zilizokaribiana. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Katika karne ya 20 jambo jingine liliingia katikati ya miji, nalo ni biashara. Taa ya barabarani ni taa ya kuonea: watu huiwasha ili waone kitu kingine. Lakini taa ya tangazo la duka ni taa ya kuonwa: mwenyewe huiwasha ili itazamwe. Katika barabara ya Broadway mjini New York, matangazo ya stima yalizidi hata barabara ikapewa jina la Njia Kuu Nyeupe. Mwenye duka mmoja akiwasha taa kali, jirani yake huonekana yu gizani, ijapokuwa taa zake ni zile zile za jana. Naye huongeza. Wa tatu huwashinda wote wawili. Mwishowe barabara nzima huwaka, na hakuna mwenye duka aliyepata faida, kwa kuwa wote wamerudi kuwa sawa. Ila mpita njia ndiye aliyepoteza macho yake, na kila mmoja ameongezewa gharama ya stima.

Mji mmoja mdogo ulikuwa wa kwanza kusema basi. Huko Flagstaff, katika jimbo la Arizona, kuna nyumba ya wanajimu iitwayo Lowell Observatory, iliyoanzishwa mwaka 1894, ambako Clyde Tombaugh aliigundua Pluto mwaka 1930. Wafanya biashara wa mji walikuwa wakitumia kurunzi kubwa zinazomulika mawinguni ili kuwavuta wanunuzi. Mwaka wa 1958 baraza la mji lilitunga sheria ya kuzikataza. Sheria hiyo ililetwa kwa ajili ya nyota, lakini matunda yake yaliliwa na kila mkazi. Mwaka wa 2001 Flagstaff ukatambuliwa kuwa mji wa kwanza duniani wa kulinda giza la usiku. Tena si mji uliokufa kwa kukosa nuru. Maduka yake yamefunguliwa na barabara zake zina taa. Tofauti ni kwamba taa zake zimefunikwa juu na kuelekezwa chini.

Katika siku zetu taa imebadilika mara nyingine. Taa ndogo za elektroniki, ziitwazo LED, zimechukua mahali pa taa za zamani. Wataalamu watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua ile itoayo mwanga wa buluu, ambayo bila yake mwanga mweupe wa namna hii usingalipatikana. Faida yake haipingiki: hutumia stima kidogo na hudumu miaka mingi. Los Angeles ulibadilisha zaidi ya taa 140,000 kati ya mwaka 2009 na 2013. Lakini pamoja na faida lilirudi kosa la mwaka 1878. Chembe ndogo inayotoa mwanga mwingi huchoma jicho kuliko tufe kubwa litoalo mwanga ule ule, na mwanga wenye buluu nyingi hutawanyika zaidi hewani. Katika mji wa Davis huko California, wakazi walilalamika kuhusu taa mpya hata mwaka 2014 baraza likaamua kubadilisha baadhi yake. Mwaka wa 2016 chama cha madaktari wa Marekani kilishauri miji itumie taa zenye rangi ya joto, zifunikwe, na zipunguzwe nguvu usiku wa manane. Huko Ufaransa, tangu mwaka 2013, sheria imeyataka madirisha ya maduka yazimwe taa ifikapo saa saba ya usiku.

Na sisi je? Pwani yetu haikuchelewa kuiona stima. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash huko Unguja mwaka 1883, lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza ya Afrika ya Mashariki kuwa na taa za umeme, na hilo ni moja katika maajabu yaliyolipa jina lake. Mwaka wa 1922 kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi ziliungana kuwa kampuni moja. Lakini kwa miaka mingi nuru ya barabarani ilikuwa ya mitaa ya wenye nguvu. Mitaa ya watu wengi ilibaki na koroboi, kandili na mbalamwezi.

Kwa hiyo, ilipoanza kusimamishwa milingoti mirefu yenye taa kali katika mitaa kama Kibera na Mathare, watu waliipokea kwa shangwe, wakaipa jina lao wenyewe: mulika mwizi. Jina hilo laeleza hoja yote. Mama auzaye mboga aliweza kukaa na biashara yake mpaka usiku. Msichana atokaye kazini aliweza kumwona ajaye mbele yake. Mtu aliyelala kila usiku katika mtaa wenye taa asithubutu kumhubiria mama huyo uzuri wa giza, kwani hatamsikiliza, na atakuwa na haki ya kutomsikiliza.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kufikiri zaidi. Mlingoti wa mulika mwizi ni ndugu wa mnara wa San José. Una fadhila yake na una hatari yake. Taa zake zikiinamishwa vizuri, mwanga huanguka uwanjani na njiani. Zikielekezwa upande, mwanga huingia madirishani mwa waliolala, na kivuli kilicho nyuma ya kibanda huwa cheusi kama shimo. Na mwizi ni mtu mwenye akili. Hasimami penye mwanga, husimama kivulini. Wewe unayetoka kwenye mwanga hutamwona, naye anakuona toka unyayo mpaka utosi. Basi taa iliyowekwa ili immulike mwizi yaweza kukumulika wewe, ikamficha yeye. Kadhalika taa kali afungazo mwenye nyumba langoni, zikielekea barabarani: mlinzi wake hupata nuru, na dereva apitaye hupata kiwi.

Dawa ya taa mbaya basi si giza, bali ni taa njema. Nayo haina siri kubwa. Taa na ifunikwe juu na kando, ili mtu asiione chembe yake inayowaka. Na imulike pale tu panapohitaji kumulikwa. Nguvu zake zisizidi kazi yake. Rangi yake ielekee manjano kuliko buluu. Ikiwa hakuna apitaye, na ipunguzwe au izimwe. Hakuna hata moja katika haya linaloomba utajiri. Mengine hupunguza gharama, maana nuru iendayo mawinguni hulipiwa fedha zile zile zinazolipiwa nuru iendayo barabarani.

Mbona basi miji haifanyi hivyo? Kwa sababu mng'aro huonekana upesi, lakini ubora wa kuona hauonekani kwa macho ya mkubwa aliyekuja kukata utepe. Taa ikiwaka sana, watu husema, hapa kuna maendeleo. Taa iliyofunikwa vizuri hairingi. Hujificha, ikaionyesha barabara. Hupita mtu chini yake akaenda zake salama, asijue hata kwamba kulikuwa na taa. Kazi ya namna hiyo haipigiwi vigelegele.

Kijana unayesoma, baadhi yenu mtakuwa mafundi wa stima, wengine wapimaji wa miji, wengine madiwani watakaopiga kura juu ya fedha za taa, na wengi mtakuwa wenye nyumba na maduka. Siku hiyo itakapofika, usiulize tu, taa hii ina nguvu kiasi gani? Uliza, nani ataona kwa taa hii, na nani atapofuka kwayo? Kisha usiku nenda ukasimame barabarani mahali atakapopita mzee, uinue kiganja chako, ukapime.